Mama Povu na Shimo Lililokataa Dawa

Habari hizi nilipewa na wifi yake mwenyewe, mwaka jana, siku tulipokaa foleni ya kliniki ya macho kuanzia asubuhi mpaka saa nane mchana. Sote wawili tulikuwa tumetiwa dawa machoni, hatuoni mbele wala nyuma. Basi yeye akasema, mimi nikasikiliza. Nimeandika kama alivyosema, pole pole, nawe soma pole pole.

Palikuwa na nyumba ya wageni yenye vyumba vinane. Vinne upande huu, vinne upande ule, na ua katikati. Kila chumba kilikuwa na kitanda, meza, dirisha lenye wavu na choo cha ndani. Kila siku ua ulijaa shuka kwenye kamba, nyeupe pe, mpaka ukitaka kupita uiname.

Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja wa miaka hamsini na kitu. Wageni walimpa jina la Mama Povu, maana mikono yake haikukauka sabuni. Alilijua jina hilo na hakulichukia.

"Afadhali Mama Povu kuliko Mama Vumbi," alisema.

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Macho yake yalipokataa kutunga uzi kwenye sindano, alifunga duka akaja kukaa mapokezi na daftari la wageni. Wifi wa Mama Povu, yaani dada wa huyo mume, ndiye aliyefua. Wote watatu walikula kutokana na nyumba ile, tena walilala humo humo, katika vyumba viwili vingine vya karibu na geti. Hawakuwa na kazi nyingine wala kwao kwingine.

Sasa, Mama Povu alikuwa na kikombe cha bati, kimebanduka rangi mdomoni. Hakikuwa cha kunywea chai. Kila asubuhi alikwenda nacho stoo, akakijaza dawa nyeupe ya kuondoa madoa, akamimina chooni. Halafu akakijaza dawa ya waridi ya kuondoa harufu, akaimimina juu ya ile nyeupe. Choo cha kwanza, choo cha pili, mpaka cha nane. Jioni alianza tena.

Akitoka chooni aligeukia vitanda. Hapo ndipo alipogombana na Mpima.

Mpima alikuwa mpima ardhi. Kila mwezi alikuja kwa kazi yake, akakaa wiki mbili, siku zote chumba namba sita. Alikuwa mtu mpole. Asubuhi moja alikuwa bado amekaa kitandani, anavaa soksi, Mama Povu akaingia na kuanza kuvuta shuka.

"Mama, hodi basi," alisema Mpima.

"Nimepiga hodi. Hukusikia. Inuka mwanangu, nina kazi."

"Lakini shuka hili nimelilalia usiku mmoja tu."

"Usiku mmoja ni usiku."

"Na hilo taulo nimejifutia uso tu."

"Kwani uso si mwili?" Akalichukua taulo begani kwake, akaondoka nalo.

Ndivyo ilivyokuwa, siku kwa siku. Shuka kumi na sita, foronya kumi na sita, mataulo yasiyo na idadi. Wifi alifua mabeseni ishirini mpaka thelathini kwa siku, na maji yote ya sabuni na dawa yakaenda kwenye tundu moja, ndani ya shimo lililo nyuma ya chumba namba sita. Mikono ya wifi ilichubuka kati ya vidole.

"Wifi, mikono inaniwasha," alisema.

"Hiyo ni dalili ya usafi," alijibu Mama Povu.

"Usafi gani unaobandua ngozi?"

"Fua, wifi. Maneno hayafui."

Basi, harufu ikaanza.

Ilianzia chumba namba sita. Kwanza ilikuja kidogo kidogo, wakati wa jua kali, kama mtu anayechungulia dirishani. Baadaye ikaingia ikakaa. Mama Povu alipandwa na hasira. Yeye, Mama Povu, nyumba yake inuke!

Alimlaumu mumewe kwa kutofunga mifuniko vizuri. Aliwalaumu mbuzi wa jirani. Alimlaumu mgeni wa namba mbili, dereva wa lori, kwamba anakula sana. Mwisho akaongeza dawa. Badala ya kikombe kimoja, viwili.

Harufu nayo ikaongezeka.

Akaongeza kikombe cha tatu. Sasa ukiingia chooni asubuhi macho yalitoka machozi, na koo likawasha. Mpima alikohoa mpaka akasikika barabarani.

"Mama, hii dawa itatuua kabla ya harufu," alisema.

"Jamani! Nikisafisha mnakohoa, nisiposafisha mnalalamika. Mnataka nifanye nini, niwapulizie kwa mdomo?"

Shimo nalo likawa halitulii. Zamani lilinyonywa mara moja, ikapita miaka miwili. Mwaka huo lilinyonywa mara nne, na mvua za pili zilikuwa bado. Kila mara likija boza la maji taka, aliyeliendesha alikuwa mwanamke mmoja mrefu, mwenye buti nyeusi za mpira mpaka magotini. Watu walimwita Dada Boza. Kila mara alijaribu kuingia uani aseme neno na mwenye nyumba. Na kila mara Mama Povu alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Buti! Buti! Usinikanyagie vigae vyangu! Nyonya uende zako, mwanangu, Mungu akubariki."

Dada Boza alitikisa kichwa, akanyonya, akaenda zake.

Siku ya Jumatatu akaja mtu mwingine. Huyu alikuwa na viatu vilivyong'aa na faili kwapani. Alikuwa bwana afya. Hakwenda mapokezi. Alizunguka nyuma ya nyumba, akasimama karibu na uzio, akaangalia chini. Maji meusi yalikuwa yametoka ardhini, yakapita chini ya uzio, yakaingia kwenye njia wanayopita watoto wa shule.

"Haya ni ya nani?" aliwauliza Mama Povu na mumewe, waliomfuata mbio.

Mama Povu alitamani kusema ni ya mbuzi.

"Ni yetu, bwana," alisema mumewe.

Bwana afya hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. Aliandika, akakata karatasi, akawapa.

"Watoto wanakanyaga hapa, wanakwenda kula bila kunawa. Ni kuhara, ni kipindupindu. Nawapa siku kumi na nne. Nikirudi nikakuta maji haya, naifunga nyumba. Vyumba vyote vinane."

"Tufunge? Tutaishi wapi?" aliuliza Mama Povu.

"Siku kumi na nne, mama," alisema, akatoka, akikanyaga kwa uangalifu.

Jioni hiyo hiyo Mpima alikuja mapokezi na begi. Aliweka ufunguo wa namba sita juu ya daftari, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Mama, mnisamehe. Mwezi ujao nitatafuta mahali pengine. Silali. Nimejaribu kulala na shati puani, imeshindikana."

Mama Povu alimtazama akitoka getini. Miaka sita alikuwa amelala chumba kile. Alikwenda stoo, akachukua kikombe chake, akasimama nacho. Mara hii hakujua akimwage wapi.

Kesho yake Dada Boza aliitwa kwa mara ya tano. Aliteremka kwenye gari, lakini hakuvuta mpira wake. Aliufungua mfuniko wa shimo kwa nondo, akainamisha kichwa kwa mbali, akanusa.

"Leo sinyonyi," alisema, "mpaka mwenye nyumba aje hapa tuongee. Mara nne nimekuja na maneno, mara nne nimefukuzwa kwa ajili ya buti. Kama vigae ni vyake, shimo ni la nani?"

Wifi alicheka kicheko cha kujificha kwenye kanga. Mama Povu alitoka amekunja uso.

"Haya, mwanangu. Nimekuja. Sema."

"Mama, mimi mashimo ninayajua. Shimo linalofanya kazi lina harufu yake, nayo haitoki nje. Hili lako halinuki uchafu tu. Linanuka dawa. Unatia nini?"

"Dawa ya usafi. Kama mtu yeyote."

"Kiasi gani?"

 Wifi ndiye aliyejibu. "Vikombe vitatu nyeupe, vitatu waridi. Kila choo. Asubuhi na jioni. Na vyoo ni vinane."

Dada Boza alishika kichwa. "Unazichanganya? Nyeupe na waridi?"

"Zisaidiane."

"Jamani, mama! Dawa mbili za namna hiyo hazichanganywi hata siku moja. Zinatoa moshi wa sumu. Ndiyo maana watu wanalia chooni. Umebahatika hujamzimisha mtu." Alivuta pumzi. "Sasa sikiliza. Shimo si pipa. Shimo ni kama tumbo. Ndani yake mna wadudu wadogo sana, macho hayawaoni. Wanakuja wenyewe pamoja na kinyesi. Kazi yao ni kula uchafu mpaka ubaki kidogo. Wakila vizuri, harufu inapungua na shimo halijai upesi. Wewe unawapa sumu asubuhi na jioni. Watakula saa ngapi?"

Mama Povu alimkodolea macho. "Kwa hiyo unaniambia mimi, mwenye nyumba safi kuliko zote mtaani, nifuge wadudu?"

"Unawafuga tayari. Unawafuga na kuwaua."

"Miaka kumi na moja ninatia dawa!"

"Zamani bila shaka ulitia kidogo, na wageni walikuwa wangapi? Sasa wageni wamejaa, na vikombe vimekuwa sita. Harufu ikizidi unaongeza dawa, dawa ikizidi harufu inaongezeka. Mnafukuzana wewe na shimo, na wote wawili mmechoka."

Mumewe, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi, alikohoa kidogo. Mama Povu akamgeukia. "Na wewe usikohoe! Kama una neno, sema."

"Sina neno, mke wangu. Nakohoa dawa."

Hapo hata Dada Boza alicheka. Kisha akaonyesha kwa nondo ardhi iliyolowa. "La pili ni maji. Shimo la kwanza ni la kutulizia. Uchafu mzito unakaa chini, maji yanasogea taratibu kwenda shimo la pili, lile la mawe, ili yanywewe na ardhi. Mnamwaga mabeseni mangapi ya kufulia?"

"Thelathini," alisema wifi. "Na mgongo wangu ni shahidi."

"Thelathini! Uchafu haupati nafasi ya kutulia. Unasukumwa mpaka kwenye mawe, unaziba. Maji yakikosa pa kwenda, yanapanda juu kuwasalimia watoto wa shule. Kwani wageni wote huondoka kila siku?"

"Hawaondoki," alisema wifi haraka. "Mpima hukaa siku kumi na nne. Shuka lake linafuliwa mara kumi na nne. Mimi kwangu nafua shuka mara moja kwa wiki, na sijafa."

"Wifi!" alisema Mama Povu.

"Nimefua maneno, wifi. Leo yamefulika."

Dada Boza akaomba chai. Mama Povu alidhani ana kiu, akamwambia wifi aweke sukari.

"Si ya kunywa," alisema Dada Boza. "Chai ya rangi, nzito, iwe nyeusi kabisa. Ya vyoo."

"Ya vyoo?"

"Ya vyoo vinane."

Mama Povu aliangalia juu kana kwamba msaada ungetoka mawinguni. Lakini chai ikapikwa, sufuria nzima. Ilipopoa, Dada Boza alivua buti zake mlangoni, akaingia kwa soksi. Mama Povu aliziona zile soksi, zilikuwa safi kuliko alivyodhani, akaona aibu kidogo.

Katika kila choo waliinua mfuniko wa lile tangi dogo la juu, wakamimina chai ndani, wakafunga.

"Mtu asivute maji kwa nusu saa," alisema Dada Boza. "Kama tangi ni zima, chai itabaki juu. Kama linavuja, chai itashuka yenyewe kwenye bakuli la choo."

Nusu saa ilipokwisha walizunguka wote wanne. Namba moja, bakuli jeupe. Namba mbili, jeupe. Namba tatu, kahawia. Namba nne, jeupe. Namba tano, kahawia. Namba sita, kahawia nzito, chai inateremka kwa mstari mwembamba kama uzi, bila sauti. Namba saba na nane, jeupe, wakarudi namba sita.

"Ona," alisema Dada Boza. "Vitatu vinavuja. Mchana na usiku maji safi yanateremka, mtu hajagusa kitu, yanakwenda kujaza shimo. Hamsikii kwa sababu hayapigi kelele."

Mama Povu alisimama juu ya choo cha namba sita. Alikisugua choo hicho kila siku kwa miaka yote, na hakuwahi kuona kwamba kinavuja. "Kumbe miaka yote nasugua choo kinachonitoroka," alisema.

Basi Dada Boza akasema ya kufanya, na mume wa Mama Povu akayaandika nyuma ya daftari la wageni kwa herufi kubwa, kwa sababu ya macho yake.

Mipira ya kuzuia maji kwenye yale matangi matatu ibadilishwe. Choo kisuguliwe kwa brashi na sabuni ya kawaida, inatosha. Dawa nyeupe itumike kidogo, pale tu mgeni akitapika au akiharisha, tena peke yake, bila kuchanganywa na kitu. Kila choo kiwe na ndoo ndogo yenye mfuniko kwa pedi, pamba na vitambaa, visitumbukizwe chooni. Mgeni anayekaa, shuka lake libadilishwe kila baada ya siku tatu, au akiomba mwenyewe. Akiondoka, libadilishwe hapo hapo. Na maji ya kufulia yasiende tena shimoni. Yachimbiwe mfereji mpaka shimo dogo la kokoto, chini ya ua wa michongoma, mbali na kisima.

"Mboga nazo?" aliuliza wifi.

"Mboga usimwagilie maji ya sabuni. Michongoma haiyalalamikii."

"Na harufu itaisha lini?" aliuliza Mama Povu.

"Haitaisha kesho. Wadudu wanataka siku za kuzaliana. Nitanyonya leo, shimo la kwanza na lile la mawe pia, nitabakiza kidogo chini wapate pa kuanzia. Wiki ya kwanza bado litanuka. Usitie dawa, mama. Nakuomba. Hata kikombe kimoja."

"Nimesikia."

"Umesikia au umekubali?"

"Mwanangu, nimesikia na nimekubali, unataka niape?"

Mfereji ulichimbwa siku mbili. Fundi bomba alikuja siku ya tatu, akabadilisha mipira, akaondoka. Lakini suala la shuka lilileta ugomvi. Mama Povu hakuweza kulala kwa kuwaza shuka la siku mbili.

"Mgeni atasema sisi wachafu," alimwambia mumewe.

"Mgeni anayetaka kubadilishiwa atasema."

"Atasemaje? Wengine wana haya. Wengine wanarudi wewe unasinzia mapokezi."

Mumewe alifikiri. Kisha akalifunua cherehani lake la zamani, lililokaa miaka mingi chini ya kitambaa. Wifi alimtungia uzi kwenye sindano. Akashona mikanda minane ya kitambaa cha buluu, kila mmoja wenye kitanzi. Mgeni akitaka shuka jipya au taulo jipya, auning'inize mkanda kwenye kitasa cha mlango. Asipotaka, auache ndani. Hakuna haja ya kusema wala kusoma.

Siku ya kwanza mlango mmoja tu ulikuwa na mkanda. Siku ya pili hakuna hata mmoja. Mama Povu alitembea uani akitazama vitasa vitupu kama mtu aliyeibiwa.

"Hakuna hata mmoja! Mnajua nimefanya nini leo tangu asubuhi? Nimekaa! Mimi!"

"Na mimi nimefua mabeseni sita," alisema wifi. "Nimebaki na nguvu mpaka nimekata kucha."

Lakini harufu ilibaki. Siku ya nne ilinuka. Siku ya tano jua lilikuwa kali, na harufu ikatambaa kutoka namba sita mpaka mapokezi. Mgeni mmoja alifika, akasimama getini, akanusa, akageuka. Mama Povu alimwona akigeuka. Zilibaki siku tisa.

Moyo ukamshinda. Wifi alikuwa michongomani, mume amesinzia juu ya daftari. Mama Povu alikwenda stoo kama mwizi katika nyumba yake mwenyewe. Akaliinua dumu la dawa nyeupe, akajaza kikombe. Akaenda namba sita, akamimina. Akarudi, akajaza kingine, akamimina. Akajaza cha tatu.

Hapo akasimama. Macho hayakuwasha. Koo halikuwasha. Alinusa kikombe. Akachovya kidole, akakionja kwenye ncha ya ulimi.

Maji!

"Wee fundi!" Sauti yake ilitikisa vioo. "Wee fundi cherehani! Umenitilia maji kwenye dumu!"

Mumewe alifika bila haraka, miwani mkononi. "Siku ile ile Dada Boza alipoondoka. Dawa nimeifungia kwenye droo ya cherehani, iko salama, siku mtu akitapika nitakupa."

"Umenidanganya!"

"Miaka thelathini nakujua, mke wangu. Nilihesabu utavumilia siku mbili. Umevumilia tano. Nakupa heko."

"Heko yako ipeleke kule!" Mama Povu alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha namba sita, kikombe mkononi.  "Watatufungia. Unacheka, na watatufungia. Nyumba hii nimeisugua mpaka alama za vidole vyangu zimefutika. Siwezi kukaa tu nikinusa na nisifanye kitu!"

Mumewe akakaa kando yake. Hakucheka tena. "Unafanya kitu. Unangoja. Kwako wewe hiyo ndiyo kazi nzito kuliko zote."

Alimpokonya kikombe kwa upole. Mama Povu hakukishikilia.

Siku ya saba aliamka, akatoka uani, akasimama. Akanusa kushoto, akanusa kulia. Akaenda nyuma ya nyumba. Ilikuwapo, lakini ya mbali, kama mtu anayeaga. Hakumwambia mtu, aliogopa kujisifu mapema. Siku ya tisa tope la karibu na uzio lilikuwa limeanza kukauka na kufanya nyufa. Siku ya kumi na mbili wifi alipita hapo na ndala, hazikulowa.

Siku ya kumi na nne bwana afya alifika na viatu vyake. Alikwenda moja kwa moja kwenye uzio. Aliinama. Alibonyeza udongo kwa kalamu. Akainua kichwa, akanusa kwa muda mrefu, na Mama Povu akashika pumzi kana kwamba ndiye anayenuswa.

"Mmetia dawa gani?" aliuliza.

"Hatukutia," alisema Mama Povu. Akaona jibu ni fupi mno, akaongeza kwa kujikaza, "Tumeacha kutia."

Bwana afya alitaka kuona. Alionyeshwa mfereji, shimo la kokoto, ndoo zenye mifuniko, matangi yasiyovuja, mikanda ya buluu. Aliuliza nani alibuni mikanda. Mume akanyoosha kidole kama mtoto darasani. Bwana afya hakutabasamu, nadhani hakuwa na mazoea, lakini aliiomba ile karatasi aliyowapa, akaichana vipande viwili.

"Msirudie dawa," alisema. "Na kila mwaka ukiisha, shimo likaguliwe, msingoje lijae."

Alipotoka, wifi alipiga kigelegele kimoja kifupi. Mama Povu alimkemea, "Wageni wamepumzika, wifi!" Kisha naye akapiga chake, kirefu zaidi.

Habari zilimfikia Mpima kwa njia ya simu. Mume ndiye aliyempigia, na Mama Povu alikuwa nyuma yake akimwambia maneno ya kusema. Mwezi ulipoanza Mpima alikuja. Aliweka begi mapokezi, hakulifungua. Alikwenda kwanza namba sita, akasimama mlangoni, akavuta hewa kwa pua.

"Mama, mbona hapanuki hata dawa?"

"Ingia ulale," alisema Mama Povu. "Maswali waachie wenye ardhi."

Alikaa siku zake kumi na nne. Mkanda wa buluu haukutoka ndani. Shuka zake zilibadilishwa kila siku ya tatu, kama ilivyopangwa, na kila siku ya pili Mama Povu alipita mbele ya mlango ule akisaga meno, lakini alipita. Siku ya kuondoka Mpima alirudisha ufunguo, akaomba namba sita mwezi ujao na mwezi unaofuata.

Ilikuwa saa nane mchana. Mama Povu alikwenda namba sita kutoa shuka. Zilikuwa zimelaliwa usiku wa pili. Alifungua dirisha, lile la upande wa shimo, ambalo mwaka mzima halikufunguliwa. Upepo uliingia na harufu ya udongo mkavu na ya michongoma. Alingoja. Hakuna kingine kilichoingia.

Akasema akae kidogo tu, apumzishe miguu. Akavua ndala. Godoro lilikuwa zuri, hakuwahi kulijua, siku zote alilitandika tu. Akajiegemeza. Akaweka kichwa kwenye mto, kwenye foronya ya jana, akajisonya mwenyewe, akataka kuinuka.

Wifi alipokuja na beseni kuchukua shuka alimkuta mdomo wazi, anakoroma. Alisimama, akaangalia lile shuka chini yake, akauma ukingo wa kanga asicheke. Akatazama kitasa. Mkanda wa buluu ulikuwa ndani, juu ya meza, pale alipouacha Mpima.

Wifi akauacha hapo hapo, akavuta mlango taratibu. Ndani Mama Povu akageuka ubavu, akajivutia shuka mpaka shingoni, akalala.